Magadi ya Bennu na Bahari ya Enceladus

Uvinza, mkoani Kigoma, hakuna bahari, lakini chumvi ipo. Karibu na mto Ruchugi, kabla haujaingia Malagarasi, maji ya chumvi huibuka yenyewe kutoka ardhini, na watu wamekuwa wakiyachemsha kwa zaidi ya miaka 1,500. Misafara ya zamani kati ya Tabora na Ujiji ilipita hapo ikabeba chumvi hiyo. Kinachotokea si kigumu kueleza. Maji huzama, hupita kwenye miamba, huyeyusha kinachoyeyuka, kisha hurudi juu. Yakiondolewa kwa moto au kwa jua, chumvi hubaki. Ila chumvi hazigandi zote kwa pamoja. Ile isiyoyeyuka kirahisi hutangulia kukaa chini, nyingine hufuata, na zile zinazong'ang'ania maji hubaki hadi tone la mwisho.

Mpangilio wa namna hiyo umekutwa ndani ya mawe yaliyotoka angani.

Tarehe 24 Septemba 2023, kapsuli ya chombo cha NASA kiitwacho OSIRIS-REx ilishuka kwa parachuti katika jangwa la Utah, Marekani. Ndani yake mlikuwa na gramu 121.6 za vumbi na kokoto za asteroidi Bennu, lundo la mawe lenye upana wa nusu kilomita hivi linalozunguka Jua kwa njia iliyo karibu na ya Dunia. Chombo kiliondoka hapa Septemba 2016 na kikachota sampuli hiyo Oktoba 20, 2020. Matokeo makubwa ya uchunguzi yalichapishwa Januari 2025. Watafiti walikuta madini 11 ya aina inayoachwa na maji yanapokauka: kalsiti, ambayo ndiyo chokaa, chumvi za fosforasi, chumvi ya kawaida ya mezani, chumvi ya potasiamu, na magadi. Ndiyo, magadi yaleyale kwa kemia yake, yanayochimbwa Ziwa Magadi huko Kenya na yanayotiwa kwenye maharage yanayokataa kuiva. Ilikuwa mara ya kwanza kukutwa katika sampuli yoyote iliyotoka nje ya Dunia.

Habari iliyozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp siku zile haikuwa ya magadi. Ilikuwa ya "uhai kupatikana angani". Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne hapa Kigoma aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Kama wamekuta vitu vya DNA kwenye jiwe, si ina maana kuna viumbe huko?" Nilimjibu marahaba, na kwamba hapana, haina maana hiyo. Sababu yake haikutosha kwenye ujumbe wa simu, na nadhani wengi waliosoma habari ile wanaihitaji.

Tuanze na kilichokutwa kweli. Protini za viumbe vyote tunavyovijua hujengwa kwa aina 20 za asidi amino. Kwenye Bennu zilikutwa 14 kati ya hizo. Zilikutwa pia besi zote tano ambazo DNA na RNA hutumia kuandika taarifa zake, pamoja na amonia nyingi. Baadaye, mwishoni mwa 2025, watafiti wa Japani na wenzao walitangaza kuwa wamekuta humo sukari kadhaa, zikiwemo raibosi na glukosi. Raibosi ndiyo uti wa RNA. Ukiziweka orodha hizo pamoja na kuzisoma haraka, unaweza kudhani mtu ameacha mfuko wa vifaa vya kujengea kiumbe.

Lakini molekuli za kaboni hazihitaji kiumbe ili zitokee. Kemia imelijua hilo tangu 1828, Friedrich Wöhler alipotengeneza urea, kitu kinachotoka kwenye mkojo, bila figo na bila mnyama. Kaboni ni atomu inayopenda kuungana. Ina nafasi nne za kushikana na wenzake, na popote penye kaboni, haidrojeni, oksijeni na naitrojeni, pakiwa na nishati kidogo, molekuli tata huanza kujitengeneza zenyewe, hata kwenye mawingu ya gesi na vumbi kati ya nyota. Mwaka 1969 kimondo kilianguka Murchison, Australia, na hadi sasa zimehesabiwa humo zaidi ya aina 70 za asidi amino. Nyingi ya hizo hazitumiwi na kiumbe chochote duniani, na jambo hilo lenyewe ni ushahidi: kiumbe huchagua, kemia isiyo hai haichagui.

Kuna kipimo cha uchaguzi huo. Asidi amino karibu zote huja katika maumbo mawili, moja likiwa taswira ya lingine kwenye kioo. Wanakemia huyaita la kushoto na la kulia. Ukizitengeneza maabara kwa kemia ya kawaida, unapata nusu kwa nusu. Viumbe wa duniani hujenga protini zao kwa zile za kushoto. Za Bennu zilipopimwa, zilikuwa karibu sawa kwa sawa. Mkono wa uhai haukuonekana humo. Kwa hiyo tulichopata ni uthibitisho kwamba malighafi ya uhai ni kitu cha kawaida katika mfumo wa Jua, na kwangu hiyo ni habari kubwa kuliko ile ya uongo iliyosambaa, kwa sababu inahusu kila mahali, si jiwe moja.

Hapa inabidi nipite kidogo nje ya Kigoma, kwa sababu Watanzania tuna jiwe letu katika hadithi hii na wengi hatulijui. Tukitaja vimondo tunataja cha Mbozi, kile kipande cha chuma kinachokadiriwa kuwa na tani 16. Kwa anayetafuta kemia ya kaboni, cha Mbozi hakina msaada mkubwa. Chenye thamani ni kimondo kilichoanguka Ivuna, kusini-mashariki mwa Ziwa Rukwa, tarehe 16 Desemba 1938. Kilikusanywa kiasi cha gramu 700 tu. Hata hivyo kundi zima la vimondo adimu kuliko vingi duniani huitwa CI, na hiyo I ni ya Ivuna. Vimondo vya kundi hilo vina mchanganyiko wa elementi unaokaribiana sana na wa Jua lenyewe, ukiacha gesi nyepesi. Kwa lugha nyingine, ni udongo wa awali ambao sayari zilifinyangwa nao. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kilipoleta gramu 5.4 za asteroidi Ryugu Desemba 2020, wachunguzi waliona kwamba Ryugu inafanana na Ivuna kuliko kitu kingine chochote kilichomo kwenye makabati ya makumbusho. Ukisoma makala za kitaalamu kuhusu Ryugu, jina la kijiji hicho cha mkoa wa Songwe limo karibu kila ukurasa.

Kwa nini basi watu wahangaike kwenda Ryugu na Bennu, wakati Ivuna ilikuja yenyewe? Kwa sababu ilianguka kwenye udongo wenye uhai, ikashikwa na mikono, ikakaa miongo mingi kwenye hewa yenye unyevu. Kulinganisha na Ryugu kumeonyesha kuwa baadhi ya madini tuliyodhani yalitoka angani yalijitengeneza hapahapa baada ya jiwe kunyonya unyevu. Na chumvi zinazoyeyuka kirahisi kama magadi ndizo zinazopotea kwanza. Huenda vimondo vingi vilifika nazo tukazikosa. Sampuli za Bennu zilifunguliwa na kuhifadhiwa kwenye naitrojeni kavu, ndiyo maana magadi yake yalisalimika.

Sasa swali ambalo habari za mtandaoni hazikuuliza: Bennu ilipata wapi maji ya kukausha? Jiwe la nusu kilomita haliwezi kushika maji. Jibu ni kwamba Bennu ni makombo. Zamani sana, miaka bilioni 4.5 na ushei iliyopita, kulikuwa na gimba kubwa zaidi lililojijenga mbali na Jua, kwenye baridi ya kutosha hata amonia kuganda. Ndani ya gimba hilo mlikuwa na aluminiamu ya aina ya mnururisho, ambayo nusu yake huisha katika muda wa miaka 700,000 hivi na kutoa joto inapoharibika. Joto hilo liliyeyusha barafu. Maji yalizunguka kwenye nyufa, yakachota sodiamu, kaboni na fosforasi kutoka kwenye miamba, yakawa brini, yaani maji mazito ya chumvi, kisha yakaisha taratibu na kuacha chumvi zikiwa zimepangana kwa zamu. Aluminiamu ilipokwisha nguvu, moto ulizimika. Baadaye gimba lilivunjwa na migongano, na Bennu ikajikusanya kutoka kwenye vifusi.

Kwa hiyo Bennu inatuonyesha jiko lililozimwa mapema. Malighafi ilikuwepo, maji yalikuwepo, na kukauka kule kulisaidia kitu kimoja muhimu ambacho nitakirudia. Kilichokosekana ni muda. Ndiyo maana wanaotafuta mahali panapoweza kukalika leo huziacha asteroidi na kugeukia miezi ya barafu, ambako moto bado unawaka.

Mwezi wenyewe wa kuzungumzia ni Enceladus, wa sayari ya Zohali. William Herschel aliuona mwaka 1789. Kipenyo chake ni kilomita 504. Ni mdogo: kutoka Kigoma mjini ukielekea mashariki kwa mstari ulionyooka umbali huo, unaipita Tabora bila kufika Dodoma. Uso wake ni barafu nyeupe yenye baridi ya takribani nyuzi 200 chini ya sifuri. Hakuna aliyetarajia makubwa kwake. Chombo cha Cassini kilipofika Zohali mwaka 2004 kilikuwa na mambo mengine ya kufanya, lakini mwaka 2005 kiliona mvuke na punje za barafu zikirushwa angani kutoka kwenye nyufa nne ndefu katika ncha ya kusini. Darubini ya James Webb ilipima mwaka 2023 na kukuta mwezi huu ukirusha maji kwa kiasi cha lita 300 hivi kila sekunde, na mvuke wake ukienea zaidi ya kilomita 9,000.

Chini ya barafu kuna bahari, na imezunguka mwezi mzima. Tunajua kwa sababu Enceladus hutikisika kidogo unapozunguka, kupita kiasi ambacho kingewezekana kama ganda la barafu lingekuwa limeshikana na mwamba wa ndani. Ganda linaelea. Na joto la kuzuia bahari isigande hutoka kwa Zohali. Enceladus huizunguka sayari hiyo kila baada ya saa 33, lakini si kwa duara kamili, kwa sababu mwezi mwingine uitwao Dione huuvuta na kuizuia njia yake isinyooke kuwa duara. Ukiwa karibu hubanwa zaidi, ukiwa mbali huachiliwa. Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua haraka mara nyingi, kisha gusa pale kwenye mkunjo: ni joto. Mwamba wa Enceladus umekuwa ukikunjwa hivyo kwa muda mrefu sana, na kwa kuwa sayari haichoki kuvuta, moto huu hauna haja ya kuisha kama ule wa aluminiamu.

Cassini ilipita katikati ya mvuke huo mara kadhaa na kuuonja. Maji, kaboni dayoksaidi, methani, amonia, chumvi ya kawaida, chumvi za kabonati. Mwaka 2015 punje ndogo sana za silika, madini ya mchanga, zilionyesha kuwa chini huko maji hugusana na mwamba kwenye joto la nyuzi 90 au zaidi. Mwaka 2017 ikatangazwa haidrojeni. Mwaka 2018, molekuli kubwa za kaboni zenye pete ndani yake. Mwaka 2023, fosforasi, tena katika hali ya fosfeti iliyoyeyuka kwenye maji, kwa kiwango kinachokadiriwa kuwa angalau mara 100 ya bahari zetu.

Hiyo fosforasi inastahili kusimamiwa. Katika elementi sita ambazo uhai hauwezi kufanya kazi bila hizo, yaani kaboni, haidrojeni, naitrojeni, oksijeni, fosforasi na salfa, fosforasi ndiyo ya shida. Ni chache, na hata ikiwepo, kalsiamu huishika na kuifanya jiwe lisiloyeyuka. Mkulima anayenunua mbolea ya DAP analipia tatizo hilohilo. Kwa miaka mingi kulikuwa na hofu kwamba bahari za miezi ya barafu zitakuwa na kila kitu isipokuwa hicho. Kilichoiokoa Enceladus ni magadi. Bahari yake ni ya kabonati nyingi, na kabonati zikiwa nyingi kwenye maji, ndizo zinazoiwahi kalsiamu na kuigeuza chokaa. Fosfeti hubaki huru. Kemia hiyo inaonekana kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, ambayo si mfu hata kidogo: Ziwa Natron lina maji makali ya kuunguza ngozi, na bado vijiumbe vyake vinalisha flamingo kwa mamia ya maelfu.

Hapo ndipo Bennu na Enceladus zinapokutana, na kwa maoni yangu ndicho kilichokuwa kikubwa katika matangazo ya 2025. Bennu ina magadi na fosfeti pamoja. Ceres, asteroidi kubwa kuliko zote yenye kipenyo cha kilomita 940 hivi, ilikutwa na chombo cha Dawn ikiwa na madoa meupe katika kreta, yaani shimo la mgongano, iitwayo Occator, na madoa hayo ni kabonati ya sodiamu iliyotoka chini. Enceladus inarusha kabonati angani. Inaonekana kila mwamba wenye kaboni unapokutana na barafu iliyoyeyuka, katika baridi ya mbali na Jua, matokeo huelekea kuwa maji ya magadi. Ukijua hivyo, huhitaji kuwa na bahati ili upate fosforasi. Inakuja na mapishi.

Sasa twende ziwani. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 linapokuwa refu zaidi kwenda chini, la pili duniani baada ya Baikal. Wavuvi wa Kibirizi na Katonga huwasha taa usiku wa giza, dagaa wakapanda kufuata mwanga na migebuka ikafuata dagaa. Mbalamwezi ikiwaka, nyavu huanikwa. Shughuli hiyo yote iko kwenye tabaka jembamba la juu. Ukishuka kama mita 100 upande wa kaskazini, au 200 hivi upande wa kusini, oksijeni imekwisha. Maji mengi ya ziwa hili, kwa ujazo, hayawezi kumweka samaki hata mmoja hai. Lakini si matupu. Yana vijiumbe visivyotaka oksijeni, vingine vikipumua salfeti, vingine vikitengeneza methani. Methani imejaa huko chini, na sehemu yake kubwa huliwa na vijiumbe vingine kabla haijafika juu.

Na kaskazini mwa ziwa, upande wa Kongo, kwenye rasi ya Banza na mahali paitwapo Pemba, watafiti waligundua katika miaka ya 1980 chemchemi za maji moto zinazotoka kwenye sakafu ya ziwa. Bonde la Ufa linapanuka, maji yanazama kwenye nyufa, yanachemka, yanatoka na madini. Mtu asiposafiri kwenda bahari kuu kutazama chemchemi za chini ya maji, anaweza kujua kwamba zipo kwenye ziwa analoogea.

Ningependa kusema kwamba Enceladus ni Tanganyika iliyofunikwa barafu, lakini ingekuwa si kweli, na tofauti yenyewe inafundisha. Vijiumbe vya kilindini mwa ziwa letu havipati jua, lakini vinakula vilivyokufa juu na kuzama, na hivyo vya juu vililishwa na jua. Ukizima jua, baada ya muda chakula cha chini nacho kitakwisha. Enceladus hakuna cha juu cha kuzama. Kiumbe wa huko angelazimika kula kinachotoka kwenye mwamba.

Je, mwamba unaweza kulisha? Unaweza. Maji ya moto yakikutana na miamba yenye chuma, chuma hunyakua oksijeni ya maji na haidrojeni huachwa. Ukiwa na haidrojeni na kaboni dayoksaidi mahali pamoja, una chakula: vijiumbe vinavyotengeneza methani huviunganisha viwili hivyo na kuishi kwa nishati inayobaki. Molekuli nne za haidrojeni na moja ya kaboni dayoksaidi hutoa moja ya methani na mbili za maji. Duniani kuna sehemu kama hiyo katika Atlantiki iitwayo Lost City, iliyogunduliwa mwaka 2000, ambako maji ya moto yenye ualikali na haidrojeni hutoka kwenye minara ya chokaa. Ndiyo maana tangazo la 2017 liliwasisimua wataalamu kuliko lolote jingine: kwenye mvuke wa Enceladus kulikuwa na haidrojeni, kaboni dayoksaidi na methani kwa pamoja. Chakula, na kitu kinachoweza kuwa mabaki ya mlo.

"Kinachoweza" ndilo neno la kushikilia. Methani hutengenezwa pia na mwamba wenyewe bila kiumbe yeyote. Na haidrojeni kubaki nyingi kunaweza kusomwa kwa namna mbili: chakula kipo tele, au chakula kipo tele kwa sababu hakuna anayekila. Mimi huona usomaji wa pili unapuuzwa mno. Jikoni ukikuta sufuria imejaa wali uliopoa, huanzi kwa kudhani nyumba imejaa watu.

Kuna kikwazo kingine ambacho makala nyingi hukiruka, nacho ni cha kemia tupu. Ili asidi amino mbili ziungane, lazima molekuli moja ya maji itoke. Ndani ya maji mengi, muungano huo unakwenda kinyume na mkondo. Maji huelekea kuvunja, si kujenga. Na bahari ni kubwa. Molekuli zenye thamani zikitawanyika ndani yake, zinaweza kukaa bila kukutana. Kwa hiyo maji ni ya lazima, na maji yakizidi ni adui. Hapo ndipo kukauka kwa brini ya Bennu kunapopata maana. Brini ikipungua, kila kilichomo hukolea: amonia, asidi amino, sukari na fosfeti hubanwa pamoja kwenye tone dogo. Uvinza wangekuambia hivyo bila kutaja asteroidi. Enceladus haina jua la kukaushia bahari yake, lakini ina barafu, na barafu inapoganda huisukuma chumvi nje, ikaacha mifuko midogo ya maji mazito sana. Chemchemi za moto zenye matundu madogo nazo zinaweza kukusanya. Kama moja ya njia hizo imewahi kuvuka kutoka molekuli hadi kiumbe, hapa duniani au kwingine, hilo bado halijaonyeshwa kwenye maabara yoyote.

Hata chanzo cha baadhi ya molekuli za Enceladus kinabishaniwa. Oktoba 2025 watafiti walichapisha uchambuzi mpya wa data ambazo Cassini ilizikusanya mwaka 2008, ilipopita kwenye mvuke kwa kasi ya kilomita 18 kwa sekunde. Punje zile zilikuwa zimetoka baharini muda mfupi tu uliopita, na bado zilikuwa na molekuli tata za kaboni, kwa hiyo hazikutengenezwa na mionzi baada ya kukaa angani miaka mingi. Mwaka huohuo wengine walionyesha maabara kuwa mionzi ikipiga barafu yenye mchanganyiko kama wa Enceladus, molekuli kadhaa za kaboni hujitengeneza juu ya uso na kwenye kuta za nyufa. Pande zote mbili zinaweza kuwa na haki kwa sehemu.

Europa, mwezi wa Mshtarii ambao Galileo Galilei aliuona Januari 1610, nitaupitia haraka, ingawa ndio maarufu zaidi. Una kipenyo cha kilomita 3,120 na unakadiriwa kuwa na maji mara mbili ya bahari zote za Dunia. Webb iliona mwaka 2023 kaboni dayoksaidi ambayo inaelekea kutoka ndani. Mionzi ya Mshtarii hupiga barafu yake na kutengeneza oksijeni na vioksidishaji vingine, ambavyo vikifika chini vingeweza kuwa chakula kizuri. Shida ni barafu yenyewe, ambayo unene wake unakisiwa kuwa kilomita nyingi, na sampuli haijirushi angani kwa uhakika kama kwa jirani yake wa Zohali. Chombo cha Europa Clipper kiliondoka Oktoba 14, 2024 na kinatarajiwa kufika Aprili 2030. Kitapita karibu na Europa mara 49. Kazi yake ni kupima kama mwezi huo unakalika, si kutafuta viumbe. Chombo cha Ulaya kiitwacho Juice, kilichoondoka Aprili 2023, kinakwenda hasa Ganymede, mwezi mwingine wa Mshtarii, na kitafika 2031.

Titan, mwezi mwingine wa Zohali, ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko zote kwamba kaboni peke yake haitoshi. Chombo cha Huygens kilitua huko Januari 14, 2005. Ina angahewa nzito kuliko yetu, mvua, mito na maziwa, lakini kinachonyesha ni methani, kwenye baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri. Molekuli za kaboni hudondoka kutoka angani na kujikusanya kama matuta ya mchanga. Hakuna mahali pengine kwenye uso wowote tunaoujua, ukiacha Dunia, penye utajiri huo. Lakini maji ya juu yamekuwa magumu kama mwamba, na bila kimiminika cha maji kemia ya aina yetu husimama hapo. Dragonfly, chombo cha NASA chenye mapanga kama helikopta, kimepangwa kuondoka 2028 na kufika 2034, kitue karibu na kreta ambayo huenda iliwahi kuyeyusha barafu kwa muda.

Mimi kama ningekuwa na kura, ningeipeleka Enceladus. Cassini ilijengwa katika miaka ya 1990 bila yeyote kujua kwamba itapita kwenye mvuke wa bahari. Kifaa chake cha kupima gesi kiliishia kwenye molekuli zenye uzito wa chini ya 100, na hakikuwa na njia ya kutenganisha umbo la kushoto na la kulia. Kilichofanyika kwa gramu za Bennu maabara, yaani kuhesabu aina za asidi amino na kulinganisha pande zake mbili, hakijawahi kufanyika kwa tone moja la maji ya Enceladus. Shirika la anga la Ulaya limeanza kuandaa safari ya huko, na hata mambo yakienda vizuri, chombo hakitaondoka kabla ya miaka ya 2040. Cassini yenyewe iliangushwa makusudi ndani ya Zohali tarehe 15 Septemba 2017, mafuta yakiwa yanakaribia kwisha, ili isije ikagonga Enceladus na kuacha huko vijidudu vya kwetu.